Mwisho Mpya wa Wageni wa Zuhura

Mimi nimechoka. Nalisema mapema ili asije mtu akaniuliza mbona nasimulia kwa kununa. Nafundisha hisabati hapa Ibra mwaka wa ishirini na saba huu, madaftari ya wasichana yamejaa juu ya meza ya chakula mpaka tunakula mkekani, na kwa wiki sita nimekuwa dereva wa mama yangu kwenda Nizwa na kurudi, mara tatu kwa wiki. Unapita Sinaw, unapita Izki, unapita Birkat al Mauz na migomba yake, saa mbili kama hukukwama nyuma ya malori, na njia nzima Mama anakwambia punguza mwendo. Yote hayo kwa sababu ya mchezo wa nyimbo.

Mama yangu ni Bi Ghaniya. Ana miaka sabini na tatu kwa pasipoti, na sabini na saba kwa kauli yake akitaka kuheshimiwa. Kazaliwa Unguja mjini, kaja Oman mwaka wa sabini na tatu na sanduku moja na mume mmoja, baba yangu Hamed, aliyekuwa amepata kazi ya serikali Ibra. Hakuajiriwa popote. Ameshona: nguo za harusi, za idi, sare za skuli, mapazia ya nusu ya mji huu. Cherehani yake ipo mpaka leo, na bado anaipigia kelele uzi ukikatika. Ukimkuta dukani anabishana na muuza vitambaa, hutamgeukia mara mbili.

Lakini mwanamke yeyote wa Kizanzibari hapa Ibra aliyevuka miaka hamsini anamjua kwa jina jingine. Wanamwita Zuhura.

Jina limetoka kwenye mchezo uitwao Wageni wa Zuhura. Waliutunga wanawake wa Unguja kabla ya Mapinduzi, wakiucheza wao kwa wao kwenye harusi, na hakuna aliyeuandika. Ulikuja Oman ndani ya vichwa vya watu. Zuhura ni mke wa msafiri. Mume kaondoka, hana barua wala salamu, na Zuhura miaka mitatu anafagia ua, anaimba, anawafukuza wanaomshauri adai talaka. Siku moja mume anapiga hodi, na nyuma yake kasimama mke mpya. Zuhura anachukua chetezo, anafungua mlango, anamfukiza ubani yule mgeni, anamnyunyizia marashi, kisha anaimba:

Ingia mwenzangu ndani, usisimame juani,
nilicho nacho jikoni, tutakula sahanini.

Basi. Huo ndio mwisho. Wanawake wanalia mpaka wanja unawachuruzika, halafu wanakwenda kula biriani.

Mama alikuwa Zuhura kwa miaka minne mfululizo, uani kwetu, shuka mbili ndizo pazia. Wanasema hakupata kutokea Zuhura kama yeye. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka zaidi biriani.

Mwaka wa themanini na moja baba yangu alitumwa Sur kikazi, miezi minne. Akarudi saa nane mchana, na nyuma ya gari kakaa msichana wa miaka kumi na minane, jina lake Huwaida, wazazi wake watu wa Pemba waliofikia Sur. Habari ilikwisha kutangulia, maana Ibra habari haihitaji gari. Majirani walikwisha kujaa uani kwetu, kila mmoja na kisingizio chake: huyu kaja kuazima kinu, yule kaja kumjulia hali mtoto. Mtoto ni mimi, nina miaka saba, na wala sikuwa naumwa.

Nakumbuka Mama amesimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Mkono unamtetemeka na lile komeo linagongagonga kwenye ubao. Alisimama kitambo. Nikadhani atafunga, na roho yangu ilitaka afunge. Kisha akageuka, akawaona wanawake wote wale wanamtazama, wanawake waliomlilia miaka minne, na akafanya jambo pekee alilolijua. Akachukua chetezo. Akafungua. Akaimba. Wallahi aliimba, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya mume wake na mke mwenziwe, na ua mzima ukalia. Mpaka leo nikilifikiria nataka kucheka na nataka kupiga kitu teke. Mwanamke kanaswa na mchezo wake mwenyewe!

Tangu siku ile ikawa ndiyo sifa yake. Mama hajisifii ushonaji wake, hajisifii sisi watoto, hajisifii kuhama nchi. Lakini ukija mgeni, kahawa ya pili haijamiminwa, atasema: "Mimi nilifungua." Na Huwaida, ambaye namwita Mama Mdogo, yupo hapo hapo anakata halua, hasemi kitu. Wameishi hivyo. Baba kafariki mwaka wa tisa huu, nao wamebaki nyumba moja, wajane wawili, wanagombania chumvi ya mchuzi na sauti ya televisheni. Huwaida ana magoti mabovu, Mama ana presha. Mimi, niliyeachika na kurudi nyumbani, nina funguo za gari.

Sasa ndipo anapoingia Tahani. Tahani ni mtoto wa mwisho wa Huwaida, ana miaka ishirini na minane, ndugu yangu kwa baba. Kasomea mambo ya jukwaa Maskati, kaolewa Nizwa, asubuhi anafanya kazi ofisi ya bima na jioni anaongoza kikundi cha wanawake wanaopenda kuigiza. Mapajani kwa Mama ndiko alikokulia, maana alipozaliwa mama yake alilala kitandani miezi mitatu, na Mama ndiye aliyemwosha na kumbeba. Alikuja siku ya Ijumaa na halua ya Nizwa, akambusu Mama kichwani.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nataka kumfufua Zuhura. Ukumbi nishapata. Lakini wasichana wangu Kiswahili chao cha kuombea chai tu. Nataka uje uwafundishe maneno."

Mama alijifanya kukataa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja. Kisha akaniambia nikajaze petroli.

Mazoezi yalikuwa kichekesho na adhabu pamoja. Mume wa Zuhura ni Najla, mfamasia mwenye sauti nene, masharubu kachorwa kwa wanja. Mke wa pili kapewa Badriya, msichana wa Nizwa asiyejua Kiswahili hata neno, na haikumdhuru, kwa sababu mke wa pili hana hata neno moja la kusema mchezo mzima. Kazi yake kusimama na mkoba. Mama anakaa kiti cha pembeni nyuma ya pazia, karatasi mkononi, akimkumbusha kila mmoja neno lake, na wakikosea hawaachii. Mtu anasema "mlango hii", Mama anaruka: "Huu! Mlango huu! Nani kakulea?" Wasichana wakampenda. Mimi nyuma ya ukumbi nasahihisha milinganyo.

Wiki ya nne ndipo walipofika mwisho wa mchezo. Najla akapiga hodi. Zuhura akaja mlangoni na chetezo. Akakiweka chini. Akawatazama wote wawili, akaufunga mlango kwa nguvu, pa! Akageukia viti vitupu akaimba wimbo mpya, wa Tahani mwenyewe, kwamba nyumba ni yake na kuanzia leo ataimba anachotaka. Upande wa pili wa mlango Badriya akazunguka na mkoba wake, akatoka.

Mama alikuwa ameshika karatasi yenye maneno ya zamani. Alitazama karatasi, akatazama jukwaa.

"Wameruka," akasema. "Tahani, wameruka mahali."

"Hawakuruka, Mama Mkubwa. Nilitaka uone kwanza ndipo nikwambie."

Akakaa naye, akamshika mkono, akaanza kumweleza kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma Mama, ninamjua. Alisema watazamaji wa leo hawaumezi mwisho ule. Aliwasimulia wasichana wakacheka, wakauliza huyu Zuhura ana akili timamu kweli? Alisema kila mahali duniani sasa wanafanya hivyo: michezo mikubwa ya nyimbo, ya Wazungu, ya Wamisri, wanaifufua na nyimbo zilezile na nguo zilezile, ila mwisho wanaugeuza. Msichana aliyekuwa anamrudia mwanamume aliyempiga, sasa anabeba sanduku lake anatoka.

"Anakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Haijulikani. Taa zinazimwa."

"Bahati yake yeye, taa zinazimwa. Mimi niliamka asubuhi nikapika chai ya watu watatu."

Tahani akacheka kidogo, kisha akaona Mama hacheki. "Kwani nyinyi hamkugeuza?" akasema. "Bibi mmoja aliniambia kule Unguja mchezoni kulikuwa na kadhi. Hapa Ibra hayumo."

"Kadhi tulimtoa kwa sababu hakuna aliyetaka kuvaa ndevu na joto lile! Hilo si kugeuza, hilo ni jasho."

"Mama Mkubwa, nimefanya kwa ajili yako. Mtu mmoja angalau akufungie ule mlango. Nimekua nasikia 'mimi nilifungua, mimi nilifungua', na kila nikisikia roho inaniuma."

Hapo Mama akaikunja ile karatasi. Mimi nimeacha kusahihisha zamani.

"Na anayefungiwa nje ni nani?" akauliza.

"Mke wa pili."

"Jina lake."

"Hana jina. Kwenye mchezo hana jina."

"Mimi nalijua jina lake. Na wewe ulinyonya kwake."

Tahani akageuka rangi. Akasema huo ni mchezo tu, neno ambalo kumwambia Mama yangu ni kosa kubwa. Wakasemezana mpaka wakalia wote wawili, wasichana wakajifanya wanakunja nguo. Lakini kadi za mwaliko zilikwisha kutoka, wimbo mpya ulikwisha kukaa vichwani mwao, na Tahani kichwa kigumu, kakirithi kwa baba yetu. Hakubadilisha. Mama naye angeweza kuondoka asirudi, akashindwa, kwa sababu bila yeye wale watoto wangeyavuruga maneno mbele za watu. Kwa hiyo akawafundisha kufunga mlango. Alimwambia Zuhura mpya: "Usiubamize kama wa gari, bibi. Ni mlango wa nyumba."

Njiani kurudi hakunikumbusha kupunguza mwendo. Tulipofika Sinaw akasema, "Huwaida asiende."

"Nitamzuiaje, Mama? Mchezo wa mwanawe."

"Tutafute la kusema. Arobaini na minne, Balqis, miaka arobaini na minne nimeishi na yule mtu, hajapata kusikia kwangu neno la 'ungebaki kwenu'. Leo akakae mbele, aone kafungiwa mlango na watu wanashangilia? Nitamtazama vipi usoni?" Akavuta pumzi. "Na mimi pia. Jambo moja jema nililofanya duniani, wasichana wanacheka."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi, mtoto wake, siku ile nilitaka afunge. Sikusema. Nilikuwa na zamu ya geti la skuli asubuhi, na mambo kama hayo ukiyafungua hulali.

Tukajaribu. Nilimwambia Mama Mdogo ukumbi una ngazi. Akasema atazipanda kwa makalio ikibidi. Mama akamwambia kutakuwa na wanaume. Akasema, "Wanaume na vikao vya wanawake wapi na wapi, Dada?" Mama akamwambia mchezo wenyewe si mzuri. Huwaida akacheka, akatuonyesha nguo aliyoshonesha, rangi ya zambarau, kwa mshonaji mwingine ili Mama asijue. Mama aliutazama ule ushonaji akaguna tu. Hata kuusema vibaya hakuweza.

Siku ikafika, baada ya swala ya alasiri, ukumbi umejaa wanawake na watoto na mabegi ya vyakula. Huwaida kakaa mstari wa kwanza, mguu mmoja kaunyoosha, zambarau tupu. Mimi kando yake. Mama nyuma ya pazia. Namwona ncha ya shela yake tu na mkono wenye karatasi.

Yalikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Maneno yalitoka safi, vibibi nyuma yetu wakiyasema kabla ya waigizaji. Hodi ikapigwa. Zuhura akaja na chetezo. Vibibi wakaanza kuvuta vitambaa vya kujifutia machozi. Chetezo kikawekwa chini. Mlango ukafungwa, mlango wa nyumba kweli, bila kubamizwa.

Wasichana kule nyuma wakalipuka, vigelegele, makofi, miluzi. Vibibi wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti, "Ala! Ubani wote ule?" Na mimi nikamgeukia Mama Mdogo, tayari kumshika mkono, nikakuta amesimama. Kasimama kwa magoti yale. Anapiga makofi mikono juu ya kichwa, na akatoa kigelegele kirefu, sijapata kumsikia akikitoa hata harusini.

Mama hakutoka kuwainamia watazamaji na wenzake. Tahani alimwita mara tatu.

Tukaswali magharibi palepale, tukaingia garini. Walikaa nyuma wote wawili ili Huwaida anyooshe mguu. Tukapita Birkat al Mauz. Izki ikaonekana, taa za maduka, ikapita. Huwaida anakula visheti kutoka mfuko wa plastiki, nasikia vinavunjika.

"Huwaida," Mama akasema. "Nisamehe."

"Kwa nini tena?"

"Ule mwisho. Si mimi. Nilimkataza yule mtoto, Balqis shahidi. Sikutaka uuone."

"Mbona nilishangilia? Hukunisikia?"

"Nilikusikia. Nikajua unajikaza."

"Sikujikaza." Akaufunga mfuko wa visheti, akajipangusa vidole. "Dada, ile siku yangu unaikumbuka?"

"Nisiikumbuke!"

"Mimi nilikuwa nje, juani, viatu vya kuazima vinanibana. Asubuhi yake, kabla sijatoka Sur, marehemu mama aliniita chumbani. Akaniambia, baba yako kakubali, mimi sikukubali, lakini kauli si yangu. Ukifika, mke mkubwa akikufungia mlango, hapo utakuwa na uso wa kurudi. Rudi. Hakuna atakayekulaumu, mimi nitakupokea. Basi nimesimama pale, nasikia komeo linagonga kwa ndani. Naomba: Ya Rabbi, afunge. Mtie hasira afunge. Likaacha kugonga. Nikasema alhamdulillahi, kafunga, nikashika na mkoba wangu. Mara nasikia harufu ya ubani."

Nilipunguza mwendo bila kuambiwa. Lori likanipigia honi, likapita.

"Mbona hukusema?" Sauti ya Mama ilikuwa ndogo.

"Niseme nini? Mwanamke mzima ananiimbia, watu wanalia, Hamed kavimba kwa fahari. Niseme mimi nataka kwa mama yangu?" Akaupapasa mguu wake. "Sikukaa vibaya, Dada. Ulinilea na uzazi wangu wote, Mungu akulipe. Lakini leo mlango ulipofungwa, nikamwona yule mtoto kazunguka na mkoba wake, nikasema huyo, huyo kaenda kwao. Ndiye niliyempigia makofi. Yule mwingine sikumtazama hata kidogo."

Nilimwangalia Mama kwenye kioo. Shela imemteremka na hakuipandisha, kaegemeza kichwa dirishani, na nilimwona mzee, mzee kweli, kuliko miaka ya pasipoti na ile ya kauli yake. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia Huwaida, kisha nikamhurumia Huwaida.

"Miaka yote hii," Mama akasema mwishowe, "mimi najiona nimekufanyia hisani."

"Najua."

"Nawahadithia watu, na wewe umekaa palepale."

"Najua, Dada."

"Ukaniacha niseme."

"Hukuwa na jingine," Huwaida akasema. "Nikunyang'anye na hilo?"